Neno Linalofanana na la Kifaransa: Uteuzi wa Maneno ya Kiingereza Miongoni mwa Wasomi wa Butembo

Mwanafunzi wa chuo anayeishi katika komini ya Bulengera, mojawapo ya komini nne za mji wa Butembo, anapoandika barua ya Kiingereza ya kuomba kazi, aghalabu huanza na kitenzi "demand". Sentensi yake husomeka hivi: "I demand a job in your organisation." Yeye anaamini kwamba ameomba kwa adabu, tena kwa neno zito linalostahili ofisi. Msomaji wa Kampala au Nairobi anayeifungua barua hiyo humwona mtu asiyemfahamu akidai kazi kana kwamba anadai deni. Sarufi ya sentensi haina kosa, wala tahajia haina kosa. Kilichokwenda upande ni uteuzi wa neno moja miongoni mwa maneno yanayokaribiana kimaana, na kwa sababu ya neno hilo barua inaweza kuwekwa kando kabla aya ya pili haijasomwa.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha tatizo hilo, na kuonyesha kwamba njia fupi ya kulitatua haipiti katika Kifaransa, lugha ambayo mwanafunzi huyo amesomeshwa kwayo, bali katika Kiswahili alichokuja nacho darasani.

Lugha nne katika mji mmoja

Wakazi wengi wa Butembo huzaliwa katika Kinande, ambacho wengine hupendelea kukiita Kiyira. Kiswahili hutawala sokoni, katika magari ya safari, na katika mazungumzo na wageni. Kifaransa ni lugha ya darasa, mahakama na barua za serikali, kwani Katiba ya mwaka 2006 inakitambua kuwa lugha rasmi ya nchi, huku Kiswahili kikihesabiwa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kichiluba kuwa lugha za taifa. Vyuo vya mji huo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989, hufundisha kwa Kifaransa. Kiingereza huja mwisho, kikiwa lugha ya nne kwa mwanafunzi wa kawaida.

Hata hivyo haja ya Kiingereza si ndogo. Wafanyabiashara wa Butembo hununua bidhaa Dubai na Guangzhou, na shehena zao hupita Uganda na kuingia nchini kwa mpaka wa Kasindi. Mashirika ya misaada yaliyojaa Kivu ya Kaskazini huandikia makao yao makuu kwa Kiingereza. Tena tangu mwaka 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, karatasi za Kiingereza zinazofika mezani pa msomi wa Butembo zimezidi kuwa nyingi.

Kabla ya kukiangalia Kiingereza chenyewe, yafaa kutaja jambo moja kuhusu Kiswahili cha mji huo. Kiswahili cha mtaani, ambacho zamani kiliitwa Kingwana, kina viambishi vyake, matamshi yake na maana zake. Juu yake kuna kile kinachoitwa Kiswahili bora, ambacho husikika zaidi mimbarini na katika maandishi ya dini. Kijana akizungumza na mwenzake njiani huchanganya "déjà", "mais" na "donc" bila kufikiri, na huweza kukipachika kitenzi cha Kifaransa kiambishi "ku-" kikawa kitenzi cha Kiswahili. Barua ya kuomba kazi yenyewe huitwa "demande". Akisimama kusoma somo kanisani, kijana yuleyule huyaacha maneno hayo yote. Kwa hiyo, ndani ya Kiswahili cha Butembo, neno la Kifaransa ni alama ya maongezi mepesi. Ndani ya ofisi, neno lilelile ni alama ya urasmi. Mwanafunzi huyo amezoea tangu utotoni kuliona neno moja likibadili cheo kwa kubadili mahali, na jambo hilo litamfaa sana mbele ya Kiingereza endapo atakumbushwa.

Tabaka za msamiati wa Kiingereza

Kiingereza ni lugha yenye msamiati uliolimbikana kwa tabaka. Chini kabisa yapo maneno ya asili ya Kijerumani ambayo Waangli na Wasaksoni waliyaleta kisiwani. Mwaka 1066 Wanormandi waliishinda Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa chao kikawa lugha ya mfalme, mahakama na makabaila. Sheria ya mwaka 1362 ndiyo iliyoelekeza mashauri ya mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza, lakini kufikia wakati huo maneno ya Kifaransa yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Baadaye wanazuoni waliongeza tabaka la tatu, la Kilatini cha vitabuni. Ndiyo sababu Kiingereza kina "ask", "question" na "interrogate". Kina "rise", "mount" na "ascend". Na kina "kingly", "royal" na "regal". Mnyama akiwa malishoni huitwa kwa neno la mkulima, "cow", na akiwa mezani kwa neno la bwana, "beef". Mwandishi Walter Scott aliueneza mfano huo katika riwaya yake "Ivanhoe" ya mwaka 1819, na tangu hapo walimu wa Kiingereza hawajauacha. Mswahili huyaita yote mawili ng'ombe, na huongeza "nyama ya" inapobidi.

Kutokana na historia hiyo walimu hutoa kanuni: neno fupi la asili ya Kijerumani ni la nyumbani, neno refu la asili ya Kifaransa au Kilatini ni la ofisini. "Begin" ni la kila siku, "commence" ni la sherehe na sheria. "Buy" ni la dukani, "purchase" ni la mkataba. "Help" ni la jirani, "assist" ni la taarifa. "End" ni la hadithi, "terminate" ni la kumwachisha mtu kazi.

Kanuni hii ina ukweli mwingi, ingawa haina ukweli wote. Mwaka 1954 mwanaisimu Alan Ross alichapisha makala kuhusu maneno yanayotambulisha tabaka la juu la Waingereza, na baadhi ya mifano yake ilipindua matarajio. Kitambaa cha mezani, watu wa tabaka la juu walikiita "napkin", na wale waliotaka kuonekana wa juu ndio waliokiita "serviette". Neno la Kifaransa, ambalo lilipaswa kupanda, lilishuka. Kwa msomi wa Butembo, ambaye "serviette" ni neno la kwanza linalomjia, mfano huu una manufaa kuliko orodha nzima ya kanuni.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kanuni ya walimu iliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye Kiingereza cha kuzaliwa. Mtoto wa Kiingereza huanza na "ask" akiwa mapajani mwa mamaye, na "request" humjia miaka mingi baadaye pamoja na shule. Kwake neno la Kifaransa ni gumu kwa sababu ni la mbali, na ugumu huo ndio humwambia kwamba neno hilo ni rasmi. Msomi wa Bulengera hana dalili hiyo. Kwake "commence", "descend", "assist" na "terminate" ndiyo maneno mepesi, kwani ameyajua yote kwa sura ya Kifaransa tangu shule ya msingi. Yanayomtoa jasho ni "begin", "get off", "help" na "be over". Anaingia katika nyumba ya Kiingereza kwa mlango wa sebuleni, na jikoni hufika mwisho, kama akifika.

Matokeo yake husikika waziwazi. Abiria wa pikipiki akimwambia mgeni "I descend here" ametumia neno linalomfaa malkia akishuka ngazi za kasri. Mzaliwa wa lugha angesema "I get off here". Rafiki anayeuliza "When does the film commence?" anaeleweka bila shaka, lakini anasikika kama karani wa mahakama. Hakuna anayedhurika kwa makosa ya namna hii, na pengine yana haiba yake. Madhara huanza pale ambapo neno linalofanana limebeba maana nyingine pamoja na cheo kingine.

Kitenzi "demand" na jamaa zake

Watafsiri wa Kifaransa, Koessler na Derocquigny, katika kitabu chao cha mwaka 1928, waliyaita maneno ya namna hii marafiki bandia, na istilahi hiyo imebaki. Neno "demand" ni kiongozi wa ukoo huo. Kitenzi cha Kifaransa "demander" kina maana ya kuomba na ya kuuliza, na hakina ukali. Kilipoingia Kiingereza kilishikamana na lugha ya mahakama, ambako mtu hutaka kitu kwa haki, na maana ya haki hiyo haikukitoka tena. "Demand" ya leo ni ya mwenye deni, ya mgomaji, au ya askari anayetaka kitambulisho.

Hapo ndipo Kiswahili kinapofaa. Kifaransa kina neno moja mahali ambapo Kiswahili kina matatu: kuomba, kuuliza na kudai. Mwanafunzi akijiuliza kwanza kwa Kiswahili, "Je, ninaomba, ninauliza au ninadai?", jibu huwa wazi. Kuuliza ni "ask". Kuomba kitu ni "ask for" katika maongezi na "request" katika barua. Kuomba kazi au nafasi ya masomo ni "apply for", popote pale. Kudai ndiyo "demand" peke yake. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili, wa pwani au wa Kivu, anayeweza kuandika kwa nia njema "Ninadai kazi katika shirika lenu". Kosa ambalo Kifaransa kililificha, Kiswahili hulifichua mara moja.

Mzani huohuo hupima maneno mengine. "Assister à une réunion" kwa Kifaransa ni kuhudhuria mkutano, ilhali "assist" ya Kiingereza ni kusaidia. Anayehudhuria husemwa "attend". Nalo "attend" hufanana na "attendre", ambayo maana yake ni kungoja. Kusaidia, kuhudhuria na kungoja ni vitenzi ambavyo hakuna Mswahili anayevichanganya. "Formation" ya Kifaransa ni mafunzo, na Kiingereza huyaita "training"; anayeandika "I followed a formation" amesema kwamba alifuata umbo fulani, labda gwaride. "Responsable" wa mradi ni msimamizi au mkuu wake, na Kiingereza hakimwiti "the responsible".

Mzani huo una mipaka, na mipaka yenyewe inastahili kutajwa. Kwanza, Kiswahili chenyewe si kimoja. Kitenzi "kutosha" kwa Mtanzania ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Katika Kiswahili cha Kongo hutumika pia kwa maana ya kutoa au kuondoa. Mwanafunzi wa Butembo anayetumia kamusi iliyochapishwa Dar es Salaam hana budi kujua kwamba anavuka lahaja. Pili, na hili ni zito zaidi, Kiswahili hupima maana vizuri kuliko kinavyopima cheo. "Begin" na "commence" zote ni kuanza. Kiswahili kina jozi zake za cheo, kama kufika na kuwasili, kufa na kufariki, kukaa na kuketi, lakini jozi hizo haziangukii mahali palepale pa jozi za Kiingereza. Wala asili ya neno haiamui cheo chake. "Kuwasili" na "kufariki" zimetoka Kiarabu na ni rasmi. "Lakini", "sababu" na "habari" nazo zimetoka huko na ni maneno ya kila kinywa. Kinyume chake, maneno ya heshima kama "bunge", "ikulu" na "ngeli" yalichukuliwa kutoka lugha za Kibantu za bara. Cheo cha neno hutokana na waliolitumia, mahali walipolitumia, na waliokuwa wakisikiliza.

Ripoti na mambo yanayoamuliwa kwayo

Katika mazungumzo, neno lisilofaa husahihishwa kwa uso wa msikilizaji. Ripoti haina uso. Katika Kivu ya Kaskazini, ambako vita vimewahamisha watu kwa makundi tangu miaka ya 1990, vijana wengi waliosoma Kiingereza huajiriwa kukusanya maelezo ya waathirika na kuyatafsiri. Ripoti zao husomwa na watu wasiowahi kufika Beni wala Lubero, na kwa ripoti hizo huamuliwa nani apewe turubai, unga au dawa.

Vitenzi viwili vinatosha kuonyesha hatari iliyopo. Cha kwanza ni "ignore". Kifaransa "ignorer" ni kutojua. Mkusanyaji akiandika "The local authorities ignore the number of displaced families", amekusudia kusema kwamba viongozi hawaijui idadi ya kaya zilizohama. Alichokiandika ni kwamba wanaijua na wanaipuuza. Maelezo ya hali yamegeuka kuwa mashtaka, na aliyeshtakiwa ni mkuu wa kijiji ambaye pengine hakuwa hata na karatasi ya kuorodheshea watu. Hatujui na tunapuuza: Kiswahili hakiachi nafasi ya kuyachanganya.

Cha pili ni "pretend", na hiki ni kibaya zaidi. "Prétendre" ya Kifaransa ni kusema jambo kwa kulisisitiza, mara nyingi msemaji wa pili akiwa hataki kulithibitisha. "Pretend" ya Kiingereza ni kujifanya. Sentensi "The woman pretends that armed men took her goats" inamwambia msomaji wa mbali kwamba mama huyo ni mwongo. Mbuzi wake wameibwa mara mbili, mara ya kwanza na wenye bunduki, mara ya pili na kitenzi.

Mwandishi akiisha kuiepuka "pretend", hubakiwa na maneno kadhaa yanayokaribiana, na hapa uteuzi wa cheo na uteuzi wa maana huenda pamoja. "Say" ni neno la kila siku, lakini halina kasoro hata katika ripoti rasmi. "The woman said" haimpi wala haimnyimi imani. "State" ni rasmi zaidi, na humfaa shahidi aliyetoa maelezo yaliyoandikwa. "Claim" huacha harufu ya shaka. "Allege" ni neno la wanasheria, na maana yake ni kwamba jambo limesemwa bila kuthibitishwa. Humlinda mwandishi, lakini likirudiwa katika kila sentensi humfanya mwathirika aonekane mshtakiwa. Kiswahili cha magazeti kina tofauti kama hiyo: "anasema" na "anaeleza" hazina upande, lakini "anadai" humdokezea msomaji kwamba mwandishi amejiweka mbali na habari. Mhariri yeyote wa Kiswahili anaifahamu tofauti hiyo, na mwanafunzi anaweza kufundishwa kuihamishia katika Kiingereza bila kupitia "prétendre".

Mfano mwingine ulitokea mbele ya macho ya dunia nzima. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika eneo la Beni, nao ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470 waliorodheshwa, wakiwemo wale ambao maradhi yao hayakuthibitishwa katika maabara, na 2,287 kati yao walifariki. Kazi ya kupambana na maradhi hayo iliitwa kwa Kifaransa "la riposte", na neno hilo likaingia moja kwa moja katika Kiswahili cha Butembo na Beni: watu wa riposte, magari ya riposte, pesa za riposte. Asili ya neno ni mchezo wa panga, na maana yake ni pigo la kujibu pigo. Kiingereza nacho kina "riposte", lakini hulitumia kwa jibu la haraka lenye makali katika mabishano. Anayetafsiri kwa kufananisha huandika "the Ebola riposte", na msomaji wa Kiingereza huona kejeli mahali ambapo hapana kejeli. Neno lililotakiwa ni "response", neno baridi la kiofisi.

Katika mji wenyewe ubaridi huo ulikosekana. Neno lenye pigo ndani yake lilitembea pamoja na misafara yenye askari, na mnamo Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Haitakuwa haki kulitwika neno moja lawama ya mambo yaliyokuwa na mizizi katika siasa, vita na fedha. Lakini suala la lugha lilikuwamo. Utafiti uliofanywa mjini Beni mwaka 2019 na shirika la Translators without Borders ulionyesha kwamba watu walitaka maelezo ya kina katika lugha wanazozitumia, na kwamba istilahi za Kifaransa na za kitabibu ziliwachanganya wengi.

Barua na maneno ya heshima

Barua rasmi ya Kifaransa kama inavyofundishwa Kongo ina fomula zake. Mwombaji ana heshima ya kusihi mbele ya wema mkuu wa mkurugenzi, na mwishoni humwomba akubali maonyesho ya hisia zake zilizotukuka. Fomula hizo zikihamishwa neno kwa neno huzaa "I have the honour to solicit near your high benevolence", ambayo Mwingereza wa leo huisoma kama mzaha. Neno "solicit" lina balaa la ziada: sheria za Uingereza zimelitumia kwa makahaba wanaoita wateja njiani.

Si kwamba Kiingereza hakikuwa na unyenyekevu wa namna hiyo. Maofisa wa dola ya Uingereza walizoea kufunga barua zao kwa kujiita watumishi watiifu wa wale waliowaandikia, hata walipokuwa wakiwagombeza. Mtindo huo umekufa, na mahali pake pamebaki "Yours faithfully" kwa asiyetajwa jina na "Yours sincerely" kwa aliyetajwa. Mwombaji huanza na "I am writing to apply for", kisha hutaja nafasi, basi. Msomi wa Butembo huona ukavu huo kuwa ni utovu wa adabu. Inafaa aelezwe kwamba katika Kiingereza cha sasa adabu ya barua hukaa katika kutompotezea msomaji wakati. Watanzania nao wamejijengea fomula yao ya kumtaka msomaji "ahusike na kichwa cha habari hapo juu", ambayo haikutoka katika Kiswahili cha mtu yeyote ila cha masijala.

Urasmi una ngazi zaidi ya mbili. Mwanaisimu Martin Joos, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizihesabu tano, kuanzia lugha iliyoganda ya ibada na sheria hadi lugha ya wapendanao. Katika ngazi ya kati, ile ya mwalimu na mwanafunzi au ya mfanyabiashara na wakala wake, Kiingereza hutegemea sana vitenzi vilivyoungwa na vijineno kama "off", "out" na "into". Mkutano "is put off", habari "is found out", shauri "is looked into". Aliyelelewa katika Kifaransa huvikwepa vyote, akasema "postponed", "discovered" na "investigated". Katika maandishi ya chuo kukwepa huko ni faida, na wahadhiri mara nyingi husifu insha za wanafunzi hawa kuliko mazungumzo yao. Lakini wapo wanaoamini kwamba kila kitenzi cha namna hiyo ni cha mtaani, na si kweli: "carry out a survey" inakubalika katika tasnifu yoyote.

Ng'ambo ya Kasindi mambo yamegeuka. Wakonzo wa wilaya ya Kasese, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kinande, husomeshwa kwa Kiingereza, na makosa yao ya cheo huelekea upande wa pili: "kids" huingia katika ripoti ya shule, na "get" hufanya kazi ya vitenzi kumi. Mtu na binamu yake, waliotenganishwa na mpaka uliochorwa na wakoloni, hukosea Kiingereza kwa njia zinazopingana. Hata hivyo hukutana katika neno kama "sensitise". Mnande hulitoa katika "sensibiliser". Mkonzo hulisikia kila siku redioni Kampala, lenye maana ya kuwaelimisha wananchi. London neno hilo lina harufu ya hospitali au ya filamu za picha. Afrika Mashariki halina ugeni wowote, na hakuna sababu ya kumsahihisha anayelitumia katika barua inayokwenda Kampala.

Kamusi za wanafunzi, kama ile ya Oxford iliyoasisiwa na Hornby na ile ya Longman iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1978, huweka alama kwenye maneno rasmi na yasiyo rasmi. Mwanafunzi wa Butembo akiangalia "commence" huiona alama ya urasmi, na hufurahi kwamba amepata neno la ofisi. Akiangalia "begin" haoni alama yoyote, naye hudhani kwamba kamusi imenyamaza. Kumbe ukimya huo una habari ndani yake: neno lisilo na alama huingia kokote, sokoni na mahakamani. Katika ukurasa wa ripoti iliyoandikwa vizuri kwa Kiingereza, maneno yenye alama ya urasmi huwa machache, labda moja au mawili katika aya, na "say", "ask", "begin", "help" na "know" ndiyo hubeba mzigo. Mwalimu anaweza kulithibitisha hilo darasani kwa muda wa nusu saa, akiwa na ukurasa mmoja wa ripoti, kamusi moja na kalamu nyekundu.